Chumba cha Tatu Kinajua Habari za Mtoto

Nyumbani walimwita Tetemeko, na asikudanganye mtu kwamba walimwonea. Kabla hajaanza shule aling'oa kitasa cha mlango wa chooni akiwa ndani, ikabidi aitwe seremala. Seremala alipomfungua akampa bisibisi amshikie kidogo tu, na bisibisi ikatoka mpini. Shuleni kulikuwa na kengele ya umeme iliyolia kwa adabu miaka nenda miaka rudi, mpaka siku Tetemeko alipopewa zamu ya kuibonyeza. Siku hiyo ililia hadi walimu wakaenda zao nyumbani, na kesho yake walipofika getini wakaikuta bado inalia. Kwenye harusi ya mdogo wake alipewa kazi moja, kufunga zipu ya gauni. Bibi harusi aliingia ukumbini akiwa ameshonewa ndani ya gauni lake kwa uzi mweupe, anatembea kwa tahadhari na tabasamu lisilopumua.

Watu wa nje walidhani ana mikono mizito. Hapana. Mikono yake ilikuwa myepesi na safi, angeweza kutunga uzi kwenye sindano gizani. Tatizo lake lilikuwa swali. Akiona kitasa kinazungushwa kulia, moyo unamuuliza: je, kushoto? Akiona vitufe viwili, kimoja cha kuwasha na kimoja cha kuzima, hapati raha mpaka avibonyeze kwa pamoja. Wewe na mimi tunatumia vitu kama tulivyoelekezwa, tunakufa bila kujua. Yeye alitaka kujua, na kila alipojua, kitu kililia "ka!" na mtu fulani akashika kichwa.

Nyumbani walijizoesha. Mama yake akisikia nyayo zake aliinyanyua redio na kuipakata mpaka apite. Kikombe chake kilikuwa cha plastiki, kiti chake kilikuwa benchi la mbao nene, na taa ya sebuleni ilikuwa na watu wake maalumu wa kuiwasha, ambao yeye hakuwa mmoja wao. Hakununa. Angenuna vipi, na ushahidi wote ule ulikuwa umejaa kabatini ukisubiri gundi?

Bahati yake iliingia nyumbani ikiwa imevaa soksi za rangi mbili tofauti. Alikuwa ni kijana mwandishi wa programu za kompyuta, aliyekuja kumposa mdogo wake, kabla ya ile harusi ya zipu. Katika kumfurahisha mama mkwe mtarajiwa, alifungua kompyuta yake mezani na kusema programu aliyoiandika ni imara, ufanye utakavyo haiharibiki. Mama alimkonyeza aifunge upesi, kwa sababu Tetemeko alikuwa anatoka jikoni. Kijana hakuelewa yale makonyezo, akadhani mama ana kitu jichoni. Tetemeko aliinama, akaisogeza miwani yake puani, akaomba ruhusa kwa heshima zote, akabonyeza kitufe kimoja huku ameshikilia kingine, na skrini ikawa nyeusi. Mama akafunika uso, akijua posa ndiyo imekwenda na maji. Lakini kijana hakukasirika. Alimwomba shemeji yake mtarajiwa afanye tena, safari hii polepole. Wiki iliyofuata alirudi na programu iliyorekebishwa, akamsalimia Tetemeko kabla ya mchumba wake, na mchumba alinuna mpaka jioni.

Ndivyo alivyopata kazi. Ofisi ya shemeji ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na meneja wake alikuwa mtu wa tai ndefu aliyependa neno "imara" kuliko chai. Cheo walichompa Tetemeko kilikuwa mjaribu programu, na kazi ya mjaribu programu, ukiiondolea mapambo, ni kuharibu. Mama alipoambiwa kuwa binti yake ameajiriwa ili aharibu vitu, alitafuta pa kukaa kwanza. Kisha akauliza kama watu hao wana akili timamu, na kama wana bima. Majirani walipouliza, aliwajibu kuwa ni mambo ya kompyuta, akageuzia mazungumzo kwenye hali ya hewa.

Sasa hiyo programu yenyewe inabidi nikueleze, nitafanya haraka kabla hujasinzia. Ofisini kulikuwa na mashine moja, sanduku jeusi lililokaa chini ya meza na kuvuma kutwa. Programu ya shemeji iliigawa mashine hiyo moja katika vyumba vinne. Si vyumba vya matofali, ni vyumba vya ndani kwa ndani, na kila chumba kina mfumo wake wa kuendesha kompyuta, kina skrini yake na kibodi yake, na kinaamini kwa moyo wote kwamba kiko peke yake duniani. Juu yao kuna programu ndogo waliyoiita Msimamizi, inayogawa kumbukumbu ya mashine: wewe chukua hii, wewe chukua ile, wewe umetosheka. Chumba kimoja kikiganda au kikifa kabisa, vingine viendelee na kazi na visijue lolote. Biashara yote ilikuwa hapo, visijue.

Mteja alikuwa mwenye jengo fulani la mjini lenye wapangaji watatu: wakili, daktari wa meno na msusi. Alitaka kununua mashine moja iwahudumie wote. Chumba cha kwanza cha wakili, cha pili cha daktari wa meno, cha tatu cha msusi, na cha nne chake mwenyewe. Kila mmoja angekaa mbele ya skrini yake akidhani ana kompyuta nzima. Na hapo, bila shaka, unaiona hatari. Siri za wakili zikivuja kwenda kwa daktari wa meno, si neno, maana wateja wake wana pamba mdomoni. Zikivuja kwenda kwa msusi, mji mzima umejua kabla nywele hazijakauka.

Kwa hiyo Tetemeko alikuwa na utaratibu wake. Kila chumba alikilisha maneno yake, yasiyofanana hata kidogo na ya chumba kingine, ili yakionekana ugenini ijulikane yametoka wapi. Chumba cha pili alikilisha habari za magodoro, ambazo alizisikia bure kutoka chini. Cha tatu alikiandikia habari za mvua. Cha nne kilijaa maoni yake kuhusu tai za meneja. Na chumba cha kwanza, kwa kuwa ndicho alichokiandikia asubuhi akiwa bado na mawazo ya nyumbani, alikilisha habari za mtoto.

Mtoto huyo alikuwa wa mdogo wake na shemeji. Baada ya kuzaliwa, wazazi wake walihamia kwa Mama kwa muda ili wapate wa kuwasaidia, basi nyumba nzima ikawa ya mtoto. Alikuwa na mashavu ambayo hayakuwa na sababu ya kuwa makubwa kiasi kile. Na kila mtu alimbeba. Jirani alimbeba, rafiki wa jirani akambeba. Siku moja alikuja mtu wa kusoma mita ya maji, mdogo mtu akawa anatafuta ufunguo wa geti, akampakatisha yule bwana mtoto, naye akampokea na kumwimbia. Mtu wa mita, ambaye hata jina lake hawakulijua. Lakini Tetemeko, dada wa damu wa mama mtoto, mama mkubwa wa mtoto kwa haki zote, hakuwahi kumgusa. Akisogea, Mama alimwambia kwa upole kabisa, "Angalia kwa macho." Naye aliangalia kwa macho, mikono ameifunga mgongoni kama aliyekamatwa. Hapo ndipo palipomuuma. Redio waichukue, vikombe vya udongo wavifiche, lakini hili lilimchoma, na alikuwa akienda kuosha uso mara nyingi kuliko uso ulivyohitaji.

Siku moja ofisini alishindwa kujizuia.

"Shemeji, mtoto nitambeba lini?"

Shemeji hakugeuka. Alikuwa amezama kwenye skrini, anatafuta kosa ambalo Tetemeko alikuwa amelifumua asubuhi ile. "Siku programu yangu ikikushinda," alisema.

Alitania, lakini jioni alilirudia mezani mbele ya wote, na Mama akaafiki papo hapo bila kutafakari, kwa sababu kwa uzoefu wake siku hiyo isingefika. Mdogo mtu alicheka mpaka akapaliwa. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba: Tetemeko atambeba mtoto siku atakaposhindwa kuivunja programu ya baba yake.

Basi hebu fikiria mtu huyo anavyokwenda kazini. Anaamka akiomba ashindwe, anafika, anakaa, na mikono yake haijui kushindwa. Alikijaza chumba cha pili magodoro mpaka kikakosa pumzi, na chumba cha nne kikaganda kwa huruma. Shemeji akarekebisha. Aliviwasha vyumba vyote kwa mpigo, Msimamizi akachanganyikiwa akakigawia chumba kimoja kumbukumbu yote na vingine vikabaki na njaa. Shemeji akarekebisha. Alirudisha saa ya chumba cha tatu nyuma hadi kabla ya kompyuta kuvumbuliwa. Shemeji akatoka nje, akasimama barazani kwa muda, akarudi akarekebisha. Kila alipovunja, programu ilizidi kuwa ngumu, na ikafika wiki ambayo alivunja, akavunja, ikakataa kuvunjika. Alikiua chumba kimoja, vingine vikaendelea kuchapa kazi bila hata kupiga chafya. Aliua viwili. Aliua vitatu. Kile kilichobaki kiliendelea kuamini kuwa dunia yote ni yake.

Furaha ikaanza kumnyemelea. Nyumbani alijifungia chumbani akafanya mazoezi na mto: anaketi, anapokea, anaegemeza. Mto haukudhurika. Meneja naye akamwalika mwenye jengo aje kuona, na siku ikapangwa.

Mchana wa mwisho kabla ya wageni, kila kitu kilikuwa sawa, na alikuwa ameshaanza kukunja waya zake. Halafu lile swali likaja, kwa sauti ndogo kabisa. Je, chumba cha kwanza kikiuawa wakati ndiyo kwanza kinaamka? Na kabla hakijamaliza kufa, kiamshwe, kiuawe tena? Alijiambia hakuna mtu mwenye akili atakayefanya hivyo. Kisha akakumbuka kuwa ofisini kwa wakili kutakuwa na umeme wa kukatika na kurudi, na hasira za kubonyeza kitufe hovyo. Akabonyeza.

Chumba cha kwanza kikafa kama ilivyotakiwa. Chumba cha tatu, cha msusi, kilikuwa kinaomba kumbukumbu zaidi, Msimamizi akakipa ile iliyoachwa na marehemu. Na katikati ya habari za mvua, pale kwenye skrini ya tatu, yakatokea mashavu.

Ilikuwa sentensi nzima, kwa mwandiko wa kompyuta lakini kwa maneno yake mwenyewe. Alielewa mara moja kilichotokea. Chumba kinapofungwa, kumbukumbu kiliyoitumia inapaswa kufutwa kabla chumba kingine hakijapewa, kama mpangaji akihama na chumba kikafagiliwa. Kwa kifo cha kawaida, Msimamizi alifagia vizuri. Kwa kifo hiki cha juu juu, mara mbili mfululizo, alisahau ufagio, akamkabidhi mpangaji mpya ufunguo na takataka zote za wa zamani ndani.

Akatazama huku na huku. Shemeji alikuwa anapiga pasi shati kwa ajili ya kesho, juu ya meza ya mikutano. Hakuna aliyeona. Akarudia kwa kutumaini kuwa ilikuwa bahati mbaya, mashavu yakatokea tena. Akakaa, akaiangalia ile skrini kwa chuki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kuwa mtu mwingine, mtu wa kuzungusha vitasa upande mmoja tu. Akazima skrini, akaaga, akaenda nyumbani na mdomo wake umefungwa.

Nyumbani alikuta mambo mazito. Shemeji alikuwa amekwisha kupiga simu kueleza kuwa programu imesimama wiki nzima, na kwamba kesho ikipita mbele ya wageni, basi sheria ni sheria. Mama alilipokea hilo kama watu wanavyopokea taarifa ya kimbunga. Alikuwa ameweka kiti cha sebuleni katikati, akakizungushia magodoro ya sponji, juu ya magodoro mito, juu ya mito blanketi, na ameondoa picha zote ukutani. Mdogo mtu alikuwa amemkata mtoto kucha. Walimwonyesha Tetemeko kile kiti, wakamwambia kesho atakaa pale, na Mama akamshika bega na kusema alijua siku moja atashindwa. Alilisema kwa fahari. Tetemeko akasema amechoka, akaenda kulala bila kugusa chakula wala mto.

Siku ya wageni mwenye jengo alikuja na msusi, kwa sababu msusi alipata fununu kuwa kuna jambo, na msusi akishapata fununu hazuiliki. Alikuwa mama wa makamo mwenye macho yasiyotulia, na tabia yake moja ilikuwa kusoma kwa sauti chochote kilichoandikwa popote. Alisoma kibao cha mlangoni, akasoma onyo la kizima moto, akasoma lebo ya shati la shemeji iliyosahaulika kwenye kola. Meneja alihutubia, akasema "imara" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha shemeji akaonyesha. Akakiua chumba cha daktari wa meno mbele ya macho ya wote, na vingine vikaendelea. Mwenye jengo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Msusi akauliza kama skrini yake ni hiyo ya tatu, akavuta kiti akakaa mbele yake. Akaanza kusimulia jinsi watu wanavyotoka kwa wakili wakilia ngazini, na yeye kutwa anajiuliza wanalia nini, na hakuna anayemwambia.

Shemeji akageuka kwa madaha. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi, na sasa anakiona kitanda kwa mbali.

"Shemeji, mbele ya wageni. Imekushinda, haijakushinda?"

Neno alikuwa nalo tayari, ameliandaa tangu asubuhi, neno moja tu. Alikiona kiti katikati ya magodoro. Aliyaona mashavu. Akafungua mdomo ili aseme "imenishinda", akamwangalia msusi alivyoikumbatia ile skrini ya tatu kwa mikono yote miwili, akaliona tumaini lililojaa machoni mwake.

"Chumba cha tatu kinajua habari za mtoto," alisema.

Mwenye jengo akauliza mtoto gani. Meneja akacheka peke yake, akaacha. Tetemeko alikaa kwenye kibodi ya chumba cha kwanza, akakiua kinapoamka, akakiamsha kabla hakijafa, akakiua tena. Na kwenye skrini ya tatu, katikati ya mvua, ikatokea aya nzima. Msusi, kama desturi yake, akaisoma kwa sauti.

"Mtu wa mita ya maji amembeba," alisoma. "Mama mkubwa hajambeba. Rafiki wa jirani amembeba. Mama mkubwa hajambeba. Siku nikimbeba nitaketi kwanza, sitagusa kitu kingine, na mashavu sitayabonyeza hata moyo uniambie nini."

Alipofika hapo alinyanyua kichwa. "Huyu mama mkubwa ni nani?" aliuliza kwa uchungu wa kweli. "Na kwa nini wanamnyima? Anakaa wapi? Mama mtoto anasemaje?"

Mwenye jengo hakuhitaji maelezo mengine. Alimtazama mpangaji wake, akaitazama skrini, akafikiria dari iliyo kati ya saluni na ofisi ya wakili, akajifuta jasho. Alisema mashine ni nzuri na ataichukua, lakini siku ambayo msusi wake atakaa hapo asijue chochote. Alimtoa msusi kwa shida, huku bado anauliza maswali kwenye ngazi. Meneja aliilegeza tai, akashuka kwenda duka la chini kukaa kidogo kwenye godoro.

Wakabaki wawili. Shemeji alikuwa bado anaitazama ile aya, na masikio yake yalikuwa yamepata moto.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa namtaka mtoto," alisema Tetemeko.

Shemeji alikunja mikono ya lile shati alilolipiga pasi, akavuta kiti, akaanza kuifungua programu yake mstari kwa mstari. Baada ya muda alimwomba apitie nyumbani awaambie kuwa leo harudi, wasimsubiri kula.

Alirudi kwa miguu, njia ndefu, maana hakuwa na haraka ya kufikisha habari ile. Mlangoni alisikia mtoto analia, na kilio chenyewe kilikuwa cha siku nzima. Mama hakuwepo, shangazi yao alikuwa ameteguka mguu na Mama ameitwa akamwangalie. Mdogo mtu alikuwa amesimama jikoni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama, sufuria inaungua, mtoto begani, na maziwa yamemwagika kwenye gauni. Tetemeko alisimama pale mlangoni, mikono mgongoni.

"Haikunishinda," alisema. "Nimeivunja. Mbele ya wageni."

"Najua, amenipigia. Kwa hiyo leo harudi?"

"Harudi. Anarekebisha."

Mdogo mtu aliangalia sufuria, akaangalia mlango ambao Mama hakuwa akiingia, akamwangalia dada yake kuanzia juu hadi chini.

"Dada, mshike huyu nikaoge."

"Programu haijanishinda," alirudia Tetemeko, akidhani hajasikika.

"Mimi sikuolewa na programu. Mshike."

Akamwekea mikononi, pale pale jikoni, mbali kabisa na kiti na magodoro yake, akazima jiko akaondoka. Tetemeko alibaki amesimama. Kisha akateremka taratibu, mgongo ukisugua ukuta, mpaka akakaa sakafuni karibu na gunia la mkaa. Mtoto alikuwa mzito kuliko mto na moto kuliko alivyotegemea, na alinukia maziwa yaliyochacha kidogo. Aliacha kulia ili achunguze ni nani huyu mgeni. Tetemeko alisubiri lile swali lije, ile sauti ndogo ya je, ukimgeuza hivi, je, ukimminya pale. Alisubiri kwa hofu. Halikuja. Hakukuwa na kitu chochote kwa mtoto yule alichotaka kukijaribu, alitaka tu aendelee hivyo hivyo alivyo.

Mtoto ndiye aliyekuwa na maswali. Aliinua mkono, akaishika miwani ya mama mkubwa wake, akaivuta, haikutoka. Akafikiri. Kisha akaipinda upande ambao miwani haipindwi, ikalia "ka!" na mguu mmoja ukabaki ngumini mwake. Alishangaa, akautazama, akacheka kwa ufizi mtupu. Tetemeko naye akacheka, machozi yakamtoka, na kwa kuwa mikono imejaa akayaacha yatelemke. Kucheka kulimtikisa mtoto, kutikiswa kukamlewesha, akalala.

Mdogo mtu alirudi na taulo kichwani, akawakuta hivyo. Simu iliyokuwa mfukoni mwa Tetemeko ikaanza kutetema, na alivyokuwa hana mkono wa kuipokea, mdogo wake akachuchumaa, akaitoa na kumwekea sikioni.

"Nimeiziba," ilisema sauti ya shemeji, juu juu kwa furaha, na nyuma yake ile mashine ikivuma. "Nimekiua chumba cha kwanza kinapoamka mpaka vidole vinauma, cha tatu hakijui kitu. Njoo ujaribu."

"Leo siji."

"Kwa nini?"

"Nimembeba mtoto," alisema Tetemeko.

Alisubiri kukumbushwa sheria, akajikaza, mkono wake ukamshika mtoto kwa nguvu zaidi kidogo.

"Amelala?" shemeji aliuliza.

"Amelala."

Na shemeji, ambaye alikuwa upande mwingine wa mji, peke yake ofisini, hana wa kumwamsha ila magodoro ya dukani chini, alishusha sauti ikawa ya kunong'ona.

"Basi usisogee," alisema.